Texas: kitabu cha darasani hupita wapi mpaka kiitwe "kimeidhinishwa na jimbo"?

Mzazi_Darasa3

Wakuu, salaam. Naomba wanaoujua mfumo wa Texas kwa undani watufafanulie sisi wazazi wa Kiswahili tulioko huku.

Wengi wetu tumezoea utaratibu wa Tanzania: kitabu cha kiada ni kimoja, na anachokisoma mtoto wa Kigoma ndicho anachokisoma wa Tanga. Huku wilaya mbili za shule zilizopakana zinatumia vitabu tofauti kabisa vya hisabati darasa la tatu, na kila moja inasema chake kimeidhinishwa na jimbo.

Nani hasa anakagua? Wanaangalia nini, na kwa kipimo gani? Kitabu kikishapita, shule inalazimika kukitumia? Na mzazi akiona kosa aende wapi: kwa mwalimu, wilayani, au Austin, makao makuu ya jimbo? Najua siasa zipo, lakini naomba hatua zenyewe.

---

Kalamu_Nyekundu

Ndugu mzazi, tutenganishe kwanza wahusika, maana wanachanganywa sana.

TEA ni idara ya elimu ya jimbo. Mkuu wake, kamishna, huteuliwa na gavana. Bodi ya Elimu ya Jimbo, SBOE, ni chombo kingine: ina wajumbe 15, kila mmoja amechaguliwa kwa kura katika eneo lake kwa muhula wa miaka minne. TEA inaendesha ukaguzi, bodi inapiga kura. Wilaya ya shule, ambayo nayo ina bodi yake ya kuchaguliwa, ndiyo inayoamua itanunua nini. Ndiyo maana wilaya jirani zinatofautiana bila yoyote kuvunja sheria: orodha ya jimbo ina vitabu vingi vya somo moja, na kila wilaya inachagua.

Utaratibu wa sasa unaitwa IMRA, nao umetokana na sheria HB 1605 ya mwaka 2023. Kabla yake bodi ilikuwa inatoa tangazo la somo fulani, wachapishaji wanaleta vitabu. Tangu mabadiliko ya 2011, kitabu kiliweza kuingia kwenye orodha hata kama kimegusa nusu tu ya viwango vya somo lake. Leo kitabu kinachodai kufundisha somo zima lazima kifikie asilimia 100.

Viwango hivyo vinaitwa TEKS, na hapo ndipo penye kazi kubwa. Mchapishaji haleti kitabu peke yake. Analeta seti nzima (cha mwanafunzi, kiongozi cha mwalimu, mazoezi, majaribio, toleo la mtandaoni) pamoja na jedwali la ulinganifu linaloonyesha kila kiwango kimefundishwa ukurasa gani. Na kiwango kimoja hakihesabiwi kuwa kimoja. Chukua 3.4(K) cha hisabati darasa la tatu: mtoto atatue mafumbo ya kuzidisha na kugawanya ndani ya 100, ya hatua moja na ya hatua mbili, kwa kutumia vitu, michoro, sifa za matendo ya hisabati au kukumbuka majedwali. Mkaguzi anakikatakata vipande: kuzidisha kwa hatua moja kipo? Kwa hatua mbili? Kugawanya kwa hatua mbili? Kitabu chenye mazoezi 40 mazuri ya kuzidisha lakini hakina hata fumbo moja la kugawanya lenye hatua mbili, hapo hakijakamilika.

Kuna maneno mawili ya Kiingereza kwenye viwango hivyo ambayo mhariri akiyachanganya anapoteza miezi. Kiwango kikiandika "including", yanayofuata ni lazima yote yafundishwe. Kikiandika "such as", yanayofuata ni mifano tu, unaweza kutumia mingine. Mabishano mengi kati ya wachapishaji na wakaguzi huishia kwenye maneno hayo mawili.

Baada ya ulinganifu huja ubora. Bodi yenyewe huidhinisha jedwali la vigezo kabla ukaguzi haujaanza, na linawekwa wazi, hivyo mchapishaji anajua atapimwa kwa nini. Kwa hisabati wanatazama kina na mtiririko wa dhana, uwiano kati ya kuelewa na kukokotoa, kama mtoto anaachiwa nafasi ya kuhangaika na tatizo kabla ya kupewa jibu, namna ya kufuatilia maendeleo yake, na msaada kwa wanaosuasua na kwa walio mbele. Kwa kusoma kuna katazo la kisheria: mbinu ya kumfundisha mtoto kubahatisha neno kwa kutazama picha au kukisia kutokana na sentensi hairuhusiwi. Anatakiwa afundishwe kuoanisha herufi na sauti. Kitabu kikiwa na shughuli ya aina ile hata kwenye kiongozi cha mwalimu, ni tatizo.

Wakaguzi ni walimu na wataalamu wa mitaala. Kila mmoja hupitia peke yake kwanza na kuandika ushahidi wake, kisha timu hukaa pamoja kufikia kauli moja. Kando yao kuna wanaotazama kama maudhui yanafaa kwa umri na hayakiuki sheria za jimbo. Na kuna upande ambao wazazi wachache wanausikia, nao ni wa wanafunzi wenye ulemavu: toleo la mtandaoni lipitike kwa programu za kusomea kwa sauti, na mchapishaji atoe faili maalumu za kidijitali ambazo hutumika kutengenezea nukta nundu. Kuchelewesha faili hizo ni kumchelewesha mtoto asiyeona.

Mwisho ni umma, masahihisho, na kura. Sampuli huwekwa wazi, watu wanaleta maoni na taarifa za makosa, mchapishaji anajibu na kurekebisha. Bodi ina njia tatu: kuidhinisha, kukataa, au kutochukua hatua yoyote. Hiyo ya tatu watu huisahau. Kitabu ambacho hakimo kwenye orodha si lazima kiwe kimekataliwa.

---

Mwl_Takwimu

Mwenzangu ameeleza vizuri jinsi kinavyotakiwa kwenda. Niongeze panapovuja, maana hapo ndipo mzazi anapoweza kusaidia.

Ukaguzi wa ulinganifu unauliza "lipo au halipo?" Swali hilo lina faida, linahesabika, watu wawili wanaweza kukubaliana. Lakini jambo linaweza kuwepo na likawa limesemwa vibaya. Mfano unaotuhusu sisi Waafrika moja kwa moja ni wa mwaka 2015. Katika kitabu cha jiografia cha sekondari kilichokuwa kinatumika Texas, maelezo ya ramani kwenye sehemu ya uhamiaji yalisema biashara ya watumwa ya Atlantiki ilileta mamilioni ya "wafanyakazi" kutoka Afrika hadi kusini mwa Marekani kulima mashamba makubwa. Aliyeliona ni mwanafunzi, akamtumia mama yake picha ya ukurasa. Mchapishaji alikiri, akabadilisha toleo la mtandaoni, na kwa vitabu vilivyokwishachapwa akaahidi vibandiko vya kufunika maneno yale au nakala mpya.

Watu walilizungumzia neno "wafanyakazi", na walikuwa na haki. Mfanyakazi ana ujira na anaweza kuondoka. Neno lile liliwafuta waliotekwa na waliowateka kwa mkupuo mmoja. Lakini sentensi ile ilikuwa na kosa la pili, la namba, ambalo mkaguzi makini angelikamata bila mjadala wowote wa maadili. Watafiti wa safari za meli za watumwa wanakadiria kwamba Waafrika wapatao milioni 12.5 walipakiwa melini kuvuka Atlantiki, na waliofikishwa moja kwa moja Amerika Kaskazini ni kama 400,000. Wengi sana walipelekwa Brazil na visiwa vya Karibi. Mamilioni ya watumwa walioishi kusini mwa Marekani baadaye walikuwa watoto, wajukuu na vitukuu waliozaliwa utumwani. Kwa hiyo "ilileta mamilioni kusini mwa Marekani" ni kosa la ukweli, tena la kuhesabika.

Kwa nini halikuonekana? Wakaguzi wa ulinganifu hutumwa na jedwali kwenye kurasa fulani. Maelezo chini ya picha, ramani, visanduku vya pembeni na majibu ya mwisho wa kitabu mara nyingi hayamo kwenye jedwali, kwa sababu mchapishaji hayahitaji kama ushahidi. Basi ukitaka kusaidia kukagua, anza huko. Soma maelezo ya picha zote kwanza. Angalia vitenzi: nani "alileta", nani "alihamia", nani "alipatikana". Kauli ya kutendwa isiyo na mtendaji ni mahali pa kusimama.

Jambo jingine ni wingi. Mwaka 2007, wakati vitabu vya hisabati vikipitiwa, bodi ilipelekewa orodha ya makosa 109,263. Idadi kama hiyo haimaanishi makosa yote yana uzito mmoja. Jibu moja lililokosewa likijirudia kwenye kitabu cha mwanafunzi, kiongozi, toleo la Kihispania na mtandaoni linaweza kuorodheshwa mara nne. Ila inaonyesha mahali makosa yanapozaliana: majibu yaliyohaririwa baada ya swali kubadilishwa. Mhariri anabadilisha 36 kuwa 63 ukurasa wa 112, na ufunguo wa majibu unabaki na jibu la 36. Njia ya kulikamata ni moja, kufanya kila swali upya kwa mkono pasipo kutazama ufunguo, kisha kulinganisha. Inachosha, lakini sijui njia nyingine inayoaminika.

La tatu: kitabu kikishaidhinishwa kisibadilishwe kimyakimya. Mchapishaji anayetaka kubadili maudhui anatakiwa aombe ruhusa. Toleo la mtandaoni hubadilika kwa kubofya mara moja, lililochapwa halibadiliki. Darasa moja linaweza kuwa na matoleo mawili yasiyolingana, mtoto mwenye kitabu anapata jibu tofauti na mwenye kompyuta, na mwalimu anadhani mmoja amekosea.

---

Mzazi_Darasa3

Ahsanteni sana, walimu wangu. Hilo la kuanzia kwenye maelezo ya picha sikuwahi kulisikia popote. Sasa nibakize mawili. Fedha zinaingiaje, kwamba wilaya inashawishika kuchagua kilichoidhinishwa? Na nimesikia kuna vitabu ambavyo jimbo lenyewe limeandika. Hapo nani anamkagua nani?

---

Ubao_Mweusi

Nianze na fedha. Wilaya hupata fungu la kawaida la vifaa vya kufundishia na teknolojia, na inaweza kununua hata kisichomo kwenye orodha. Hakuna lazima. Kilichoongezwa na HB 1605 ni kivutio: hadi dola 40 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, za kununulia vilivyoidhinishwa na bodi tu, na hadi dola 20 nyingine kwa mwanafunzi za kuchapa vifaa huria vya jimbo. Piga hesabu ya wilaya ya watoto 5,000. Fungu la kwanza linafika dola 200,000, la pili 100,000. Kwa wilaya ndogo ya vijijini hiyo si hela ya kupita nayo kando. Uchaguzi ni huru kisheria, lakini mzani una uzito upande mmoja, na wajumbe wa bodi ya wilaya wanapaswa kulisema hilo wazi mbele ya wazazi.

Kuhusu vitabu vya jimbo, vinaitwa Bluebonnet Learning. Vilitayarishwa chini ya TEA, vinapatikana bure mtandaoni, na wilaya inaweza kuvitumia au kuviacha. Vya kusoma vya chekechea hadi darasa la tano vilizua mabishano makubwa kwa sababu ya masimulizi ya Biblia yaliyomo. Baada ya maoni ya umma baadhi ya masomo yalirekebishwa, na tarehe 22 Novemba 2024 bodi iliidhinisha kwa kura 8 dhidi ya 7. Hapo aliyeandaa ni idara ileile inayoendesha ukaguzi, na anayeamua ni bodi ya kuchaguliwa. Bodi ni kizuizi cha kweli, kura moja ingegeuza matokeo. Lakini ripoti inayowafikia wajumbe imepita kwenye mikono ya mwenye kitabu. Binafsi naona huo ni udhaifu hata kama wakaguzi wote ni waaminifu, na udhaifu huo haurekebishwi kwa uaminifu bali kwa kuwapa wakaguzi ofisi nyingine ya kuripoti.

Sisi wa Tanzania tunalijua swali hili vizuri kuliko tunavyokiri. Miaka ya 1990 uandishi ulifunguliwa kwa wachapishaji binafsi, na EMAC ikawa kamati ya kuidhinisha vitabu vyao. Mwaka 2013, baada ya mjadala mkali bungeni kuhusu makosa vitabuni, EMAC ikavunjwa. Waraka wa 2014 ukaipa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) kazi ya kuandika vitabu vya kiada, wachapishaji wakabaki na vya ziada vinavyopelekwa TET kupata ithibati. Makosa hayakwisha: mwaka 2017 vitabu vya TET vyenyewe viliondolewa shuleni kwa sababu hiyo. Hoja yangu haihusu nani mwandishi bora. Mwandishi anasoma alichokusudia kuandika, mkaguzi anasoma kilichoandikwa. Mtu mmoja hawezi kuwa na macho hayo mawili kwa wakati mmoja, na taasisi moja ikiwa na haraka ya Januari haiwezi pia.

Kenya wameweka mpaka mwingine. KICD, taasisi ya serikali ya mitaala, inaandaa mtaala na kukagua vitabu vya wachapishaji. Zamani shule zilichagua kutoka kitabu cha orodha kinachojulikana kama Orange Book, chenye hadi vitabu sita kwa somo. Baadaye serikali ikaanza kununua yenyewe na kupeleka moja kwa moja shuleni, lengo likiwa kitabu kimoja kwa mtoto mmoja. Usambazaji ulipata nguvu, uchaguzi wa mwalimu ukapungua.

---

Kalamu_Nyekundu

Swali la mzazi aende wapi halijajibiwa, nilimalizie.

Kama kitabu bado kiko kwenye ukaguzi, peleka taarifa TEA kipindi cha maoni ya umma. Iandike hivi: jina la kitabu na namba yake ya ISBN, ukurasa, sentensi yenyewe neno kwa neno, kwa nini si kweli, chanzo cha kuthibitisha, na sentensi unayopendekeza. Tenganisha kosa na kutoridhika. "Mto Nile unaanzia Misri" ni kosa, lazima ajibu. "Sura hii haitoshelezi kuhusu Afrika" ni maoni, yanasomwa lakini hayamlazimishi mtu. Ukiyachanganya kwenye fomu moja, la kwanza linazama ndani ya la pili.

Kama kitabu kiko darasani tayari, anza wilayani. Sheria ya jimbo inampa mzazi haki ya kuona vifaa vyote vya kufundishia vya mwanawe, na mitihani baada ya kufanyika. Wachapishaji wa vitabu vilivyoidhinishwa wanatakiwa kuweka tovuti ya wazazi ya kuvitazama. Omba kwa maandishi na utaje somo na wiki. Ombi la "nataka kuona vitabu vyote" linachelewa kwa sababu hakuna anayejua aanzie wapi. Mzazi anaweza pia kumtoa mtoto kwa muda kwenye kipindi kinachopingana na imani yake, lakini si kwa ajili ya kukwepa mtihani, wala kwa muhula mzima. Vitabu vya maktaba usivitafute humu, vina sheria zake.

Na moja la wazungumzaji wa Kiswahili hasa. Vifaa vinavyoidhinishwa na jimbo viko kwa Kiingereza na Kihispania. Lakini sheria inasema wilaya ikiwa na wanafunzi 20 au zaidi wa darasa moja wanaojifunza Kiingereza na wenye lugha moja ya nyumbani, inapaswa kutoa programu ya lugha mbili katika madarasa ya msingi, au iombe ruhusa maalumu ikikosa walimu. Hesabu hiyo hufanywa kwa wilaya nzima, na inategemea fomu ya lugha ya nyumbani ambayo mzazi anajaza siku ya kuandikisha mtoto. Familia zinazozungumza Kiswahili nyumbani na kuandika "Kiingereza" kwa kuogopa mtoto atarudishwa nyuma zinaipunguza hesabu hiyo, na zinamwondolea mtoto msaada ambao hata vitabu vilivyoidhinishwa vinatakiwa kuwa nao, yaani viwango vya kujifunza Kiingereza, ELPS. Mwalimu asiyejua kwamba mtoto anazungumza Kiswahili hatafungua kurasa hizo kwa ajili yake.

---

Mwl_Takwimu

Kwenye fomu hiyo andikeni "Swahili" kwa herufi hizo. Mwingine akiandika Kiswahili, mwingine Kingwana (Kiswahili cha Kongo), mwingine Kibajuni, karani anaweza kuzihesabu kama lugha tatu, na watoto 24 wakawa makundi matatu yasiyofika 20.